‘Mikopo ya kaboni’: Ni nani hasa aliyekopa?

JUMA lililopita jirani yangu mmoja, mzee aliyestaafu kazi ya ukarani, alinisimamisha langoni na kuniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake papo hapo. Alikuwa amesikiliza taarifa ya habari redioni kuhusu wafugaji waliokuwa wakivutana kuhusu pesa za “mikopo ya kaboni”. “Mwalimu,” akaniambia, “hao watu wamepewa mkopo. Haya, sawa. Sasa wataulipa lini, na riba yake ni ngapi?”

Nilicheka kidogo, kisha nikaacha kucheka. Mzee hakuwa amekosea. Waliokosea ni sisi tunaoandika, tunaotafsiri na kusoma habari. Katika Kiswahili, mkopo ni kitu unachokichukua kwa mtu ukijua utakirudisha. Mfugaji wa Isiolo au mvuvi wa Kwale hajamkopa mtu yeyote. Lakini kila tunapomtaja katika habari za kaboni, tunamvika joho la mdaiwa.

Chanzo cha kosa hili si kigumu kukiona. Neno la Kiingereza credit lina nyuso nyingi. Uso mmoja ni mkopo wa benki. Uso mwingine ni kile kinachoandikwa kwa faida yako katika daftari la hesabu, yaani haki yako dhidi ya mtu mwingine. Asili ya neno lenyewe ni Kilatini, credere, maana yake kuamini. Wafasiri wetu, pengine kwa haraka ya chumba cha habari, walishika uso wa kwanza wakauacha wa pili. Matokeo yake ni kwamba tumemgeuza anayedai kuwa anayedaiwa.

Kuna watakaosema kuwa hili ni jambo dogo la istilahi, tuwaachie wanaisimu wagombane nalo. Sikubaliani nao. Watu wanawekewa mikataba ya miaka 30 au zaidi juu ya ardhi zao, na mikataba hiyo hufafanuliwa barazani kwa Kiswahili. Neno likipotoka barazani, hupotoka na saini. Ndiyo maana katika makala haya nakusudia kuisimulia historia ya biashara hii kwa kufuata maneno matatu tunayoyatumia kuielezea: mkopo, fidia na ahadi. Maneno yote matatu ni ya deni. Swali la msingi ni lile la mzee: deni ni la nani?

Kabla ya kusonga mbele, tuelewane kuhusu kitu chenyewe. Kinachouzwa ni karatasi, au siku hizi namba katika sajili ya kompyuta, inayodai kwamba tani moja ya gesi ya kaboni imezuiwa isiingie hewani, au imeondolewa humo. Kampuni iliyochoma makaa ya mawe na kutoa tani moja huinunua karatasi hiyo, kisha hutangaza kuwa hesabu yake ni sufuri. Moshi haukupungua pale ulipotoka. Kilichobadilika ni daftari.

Moshi wa Connecticut, miti ya Guatemala

Historia ya mtindo huu huanzia mbali na kwetu. Mwaka wa 1988 kampuni ya umeme ya Marekani iitwayo AES ilikuwa ikijenga kituo cha kuzalisha umeme kwa makaa ya mawe huko Montville, jimboni Connecticut. Wakubwa wake walijua kwamba makaa hayo yangetoa gesi inayopasha dunia joto. Walikuwa na njia ya kuacha mradi au kutafuta nishati nyingine. Badala yake waliomba ushauri kwa taasisi ya utafiti ya World Resources Institute jijini Washington, na suluhisho likapatikana Guatemala. AES ilitoa dola milioni 2, na shirika la misaada la CARE likapewa kazi ya kuwasaidia wakulima wadogo wapatao 40,000 kupanda miti milioni 52 kwa muda wa miaka 10.

Kwa wengi, huo ndio mradi wa kwanza wa namna hiyo duniani. Hebu tuutazame vizuri kwa sababu umbo lake halijabadilika hadi leo. Upande mmoja kuna kituo cha umeme katika nchi tajiri, kinachotoa moshi kwa uhakika, kila siku, na moshi huo unapimika. Upande wa pili kuna maskini wa nchi ya mbali anayetarajiwa kupanda mti, kuutunza, asiukate kwa kuni, na mti huo nao usiungue wala usikauke. Moshi ni wa leo. Mti ni matarajio ya miaka ijayo. Tathmini zilizofanywa baadaye ziligundua kuwa kaboni iliyohifadhiwa Guatemala ilikuwa chini sana ya kile kilicholengwa. Makaa ya Connecticut yalichomwa vilevile.

Sasa hapa, ni nani aliyekopa? Bila shaka ni aliyechoma leo kwa ahadi kwamba miti itamlipia kesho. Sehemu kubwa ya gesi ya kaboni hubaki hewani kwa mamia ya miaka, na sehemu yake kwa maelfu. Mti nao una adui wengi. Mwaka wa 2021 moto mkubwa uliopewa jina la Bootleg, jimboni Oregon, uliteketeza sehemu ya misitu iliyokuwa imesajiliwa na kuuziwa makampuni kama ghala la kaboni. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Makampuni yamekula harusi, na matanga yameachiwa msitu.

Kyoto na mwembe wa jirani

Desemba 1997 mataifa yalikutana Kyoto, Japani, yakapitisha mkataba ulioyataka mataifa tajiri yapunguze gesijoto. Ndani ya mkataba huo, kifungu cha 12, kuliwekwa mpango ulioruhusu nchi tajiri kutimiza sehemu ya wajibu wake kwa kugharimia miradi katika nchi zinazoendelea. Mkataba ulianza kutumika Februari 2005, na biashara ikachangamka kwelikweli.

Mpango huo ulisimama juu ya sharti moja: mradi lazima ulete nyongeza. Yaani upunguzaji unaouzwa uwe ule ambao haungetokea kama si pesa za mnunuzi. Sharti hili linasikika rahisi mpaka ulipime kwa maisha ya kawaida. Chukua mfano wa jirani yako mwenye mwembe. Anakuja kwako na shoka begani, anakuambia, “Nilipe, la sivyo naukata.” Unamlipa, mwembe unasalia. Je, umeuokoa? Huenda hakuwa na nia ya kuukata asilani. Anapenda maembe kama wewe. Huwezi kujua, kwa sababu unalinganisha mti unaouona na kisiki ambacho hakikuwahi kuwepo. Isitoshe, kadiri anavyojifanya mkali ndivyo unavyomlipa zaidi.

Viwanda vya gesi za majokofu huko Uchina na India vilikuja kuwa mfano mbaya kuliko wote. Viwanda hivyo vilipokuwa vikitengeneza gesi moja ya majokofu vilitoa taka ya gesi nyingine iitwayo HFC-23. Kwa hesabu za wakati huo, tani moja ya taka hiyo ilikuwa na nguvu ya kupasha joto sawa na tani 11,700 za gesi ya kaboni. Kuiteketeza ni kazi nafuu. Lakini kila tani iliyoteketezwa ilizaa hati 11,700 za kuuza! Mwaka wa 2007 msomi Michael Wara aliandika katika jarida la Nature kwamba hati hizo zingeweza kufikia thamani ya yuro bilioni 4.7 kufikia mwaka wa 2012, ilhali gharama ya kuteketeza taka yenyewe haingezidi yuro milioni 100. Taka ikawa na faida kuliko bidhaa. Ushahidi ukaja kujitokeza kwamba baadhi ya viwanda vilirekebisha uzalishaji wao ili taka iwe nyingi wakati inapolipiwa. Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku hati hizo katika soko lake kuanzia 2013.

Mwaka wa 2016 taasisi ya Öko-Institut ya Ujerumani iliuchunguza mpango mzima wa Kyoto na kuhitimisha kuwa asilimia 85 ya miradi iliyochunguzwa ilikuwa na uwezekano mdogo wa kuleta nyongeza yoyote. Kwa misitu hali haikuwa bora. Agosti 2023 watafiti wakiongozwa na Thales West walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kuchunguza miradi ya kuzuia ukataji wa misitu katika mabara matatu. Kati ya hati milioni 89 zilizotarajiwa kutoka kwa miradi waliyoweza kuipima, ni asilimia 6 pekee zilizohusiana na misitu iliyonusurika kwa kweli.

Kiswahili kina neno zuri sana kwa kitu cha namna hii. Serikali inapolipa mishahara ya watu wasiokuwepo, tunawaita wafanyakazi hewa. Basi hizi nazo ni tani hewa. Ni kinaya cha lugha kwamba wenzetu wa Tanzania huiita biashara yenyewe “biashara ya hewa ukaa”. Hawakukusudia mzaha, lakini lugha ina njia zake za kusema ukweli.

Fidia iliyokataliwa mlangoni, ikaingilia dirishani

Neno la pili ni fidia. Wengi hueleza biashara hii kwa kusema kuwa makampuni “hufidia” uchafuzi wao. Wafaransa nao huiita compensation carbone, yaani fidia ya kaboni. Sasa tazama historia ilivyo na vituko. Desemba 2015 mataifa yalipokuwa yakiandika Mkataba wa Paris, nchi zilizoathirika zilitaka kitambulike kifungu kuhusu hasara na uharibifu unaoletwa na mabadiliko ya tabianchi. Kifungu hicho, cha 8, kikaandikwa. Lakini mataifa tajiri, Marekani ikiwa mstari wa mbele, yalihakikisha kuwa uamuzi ulioandamana na mkataba, katika aya ya 51, unasema wazi kwamba kifungu hicho hakiwezi kuwa msingi wa dai lolote la dhima au fidia.

Kwa hivyo neno fidia lilikataliwa lilipotoka kinywani mwa mtu aliyefurikiwa na maji. Lilikubaliwa, likapambwa, likawekwa kwenye tiketi za ndege, lilipotoka kinywani mwa anayeuza ndege zenyewe.

Katika matumizi yetu ya kila siku, fidia hulipwa na aliyekosa kwa aliyekosewa. Barabara ikipitia shambani mwako, unafidiwa wewe, si mtu wa kijiji cha tatu. Matatu ikikugonga, bima hukufidia wewe. Lakini katika biashara hii, anayeharibu humlipa mtu mwingine kabisa. Mfugaji wa Marsabit aliyepoteza ng’ombe katika misimu mitano mfululizo ya mvua kukosekana, kuanzia mwishoni mwa 2020, hakuwa sehemu ya hesabu. Wala si familia za Tana River zilizohamishwa na mafuriko ya 2024.

Ukitaka kuijua fidia kwa undani, nenda katika asili yake. Neno hili tumelipokea kutoka Kiarabu, na katika mwambao wetu lina matumizi ya kidini ambayo kila mtoto wa chuoni huyajua. Mzee sana au mgonjwa asiyetarajiwa kupona, asiyeweza kufunga Ramadhani, hutoa fidia ya kibaba cha chakula kwa maskini kwa kila siku aliyoikosa. Lakini mlango huo ni wa asiyeweza. Mtu mzima mwenye siha aliyekula mchana wa Ramadhani kwa kuwa njaa ilimuuma hawezi kusema, “Nitampa maskini mchele, yaishe.” Atatubu, na funga yenyewe ataidai nafsi yake ailipe kwa kufunga. Hakuna tajiri mwenye afya anayeweza kununua Ramadhani yake kwa magunia ya pishori.

Naona hekima kubwa katika mpangilio huo, hata kwa asiyekuwa Mwislamu. Unatofautisha asiyeweza na asiyetaka. Kuna shughuli ambazo ni vigumu kweli kuziondolea moshi leo, kama vile kutengeneza saruji au kurusha ndege masafa marefu. Kuna nyingine ambazo njia mbadala ipo na bei yake inashuka kila mwaka, ila faida ya zamani ni tamu. Soko la kaboni haliulizi wewe ni nani kati ya hao wawili. Linauliza tu kama una pesa.

Ahadi ni deni, hadi bei ya mafuta ipande

Neno la tatu ni ahadi, na hapa Waswahili hawana mjadala: ahadi ni deni. Miaka ya 2019 na 2020 ilikuwa miaka ya ahadi. Novemba 2019 kampuni ya ndege ya easyJet ya Uingereza ilitangaza kuwa itanunua hati za kufuta moshi wa mafuta yote ya safari zake, ikajisifu kuwa ya kwanza miongoni mwa mashirika makubwa kufanya hivyo. Haikufika miaka mitatu. Septemba 2022 ilitangaza kuwa inaachana na mpango huo.

Februari 2020 kampuni ya mafuta ya BP iliahidi kufikia sufuri kamili ifikapo 2050, na miezi michache baadaye ikasema ingepunguza uzalishaji wa mafuta na gesi kwa asilimia 40 kufikia 2030. Kisha vita vya Ukraine vikaanza na bei ya mafuta ikapaa. Februari 2023 asilimia 40 ikawa 25. Februari 2025 kampuni ikaiweka kando shabaha hiyo na kutangaza kuongeza uwekezaji katika mafuta na gesi. Je, nani alikwenda kumdai? Hakuna. Ahadi hizi huandikwa kwa wino wa matangazo, si wa mikataba. Deni lisilo na mdai si deni, ni porojo.

Kuna dalili kwamba wadai wameanza kujitokeza. Machi 2024 mahakama ya Amsterdam iliamua kuwa shirika la KLM liliwapotosha wateja kwa matangazo yaliyodai kuwa kupanda miti hupunguza athari za safari ya ndege. Umoja wa Ulaya nao umepitisha sheria inayokataza, kuanzia Septemba 2026, bidhaa kutangazwa kuwa hazina madhara kwa tabianchi kwa kisingizio cha hati za kaboni zilizonunuliwa kwingine. Angalau huko, neno limeanza kubanwa lijieleze.

Kutoka Machakos hadi Isiolo

Sasa turudi nyumbani. Wengi wa wanaopita katika barabara ya Muindi Mbingu jijini Nairobi hawajui ni kwa nini inaitwa hivyo. Mwaka wa 1938 serikali ya kikoloni iliamua kwamba Wakamba wana ng’ombe wengi kupita kiasi na kwamba mifugo hiyo inaharibu udongo wa Machakos. Dawa ikawa kuwapunguzia mifugo kwa nguvu. Ng’ombe walikamatwa na kupigwa mnada kwa bei ya kutupa. Wakati huohuo, kiwanda cha nyama cha kampuni ya Liebig kilikuwa kimejengwa Athi River na kilihitaji ng’ombe wa bei nafuu. Julai mwaka huo maelfu ya Wakamba, wanaume kwa wanawake, walitembea hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu wakitaka kumwona Gavana. Mbingu alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu, lakini kabla ya mwaka kwisha serikali ililegeza amri yake.

Udongo wa Machakos ulikuwa umemomonyoka, hilo si uongo. Ila maelezo yaliyotolewa yaliacha kando kwamba ardhi nzuri ilikuwa imechukuliwa na walowezi na watu wakafinyangwa katika sehemu ndogo. Aliyebebeshwa lawama alikuwa mfugaji na ujinga wake wa kudhaniwa.

Nimelikumbusha tukio hilo kwa sababu maelezo hayo hayajafa. Tangu 2013 kumekuwa na mradi mkubwa wa kaboni ya udongo kaskazini mwa Kenya, chini ya shirika la Northern Rangelands Trust, kwenye eneo la takriban hekta milioni 1.9 linalokaliwa na Waborana, Wasamburu, Warendile na wengine. Hoja ya mradi ni kwamba malisho yakipangwa kwa zamu, nyasi hushamiri na udongo huhifadhi kaboni zaidi. Miongoni mwa wanunuzi wa hati zake ni makampuni ya Meta na Netflix.

Ili hesabu hiyo isimame, lazima kwanza ikubalike kuwa kabla ya mradi wafugaji walilisha ovyo. Hicho ndicho kisiki cha mwembe wetu. Lakini Waborana wa Isiolo wana mfumo wao wa dedha, ambamo wazee wa malisho huamua ni wapi pa kulishwa wakati wa mvua na ni wapi pa kuachwa hadi kiangazi, nani atumie kisima kipi na lini. Ni mpango usioandikwa kwenye kompyuta, lakini ni mpango. Shirika la Survival International lilitoa hoja hizi katika ripoti yake ya 2023. Wenye mradi walizikana, wakisisitiza kuwa malisho yameboreka na jamii zimepata mapato. Verra, taasisi ya Washington inayosajili hati hizo, iliusimamisha mradi, ikaukagua, ikauruhusu uendelee.

Kisha Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Isiolo ikaamua kuwa hifadhi mbili za eneo hilo, Biliqo Bulesa na Cherab, zilianzishwa kinyume cha katiba bila wananchi kushirikishwa ipasavyo. Biliqo Bulesa ni mojawapo ya hifadhi zilizo ndani ya mradi wa kaboni. Mwaka huohuo Verra ikausimamisha mradi kwa mara ya pili. Kesi ilikuwa imewasilishwa na wakazi wenyewe mnamo 2021. Kwa maneno mengine, hewa juu ya ardhi hiyo iliuzwa ng’ambo wakati ambapo swali la nani ameiruhusu hifadhi kuwepo lilikuwa bado mahakamani.

Mikoko ya Gazi

Sitaki kuonekana kama ninayeutupa mtoto pamoja na maji ya kuogeshea. Katika ghuba ya Gazi, Kaunti ya Kwale, wanakijiji wa Gazi na Makongeni, wakisaidiwa na watafiti wa taasisi ya KMFRI, walianzisha mradi wa Mikoko Pamoja. Tangu 2013 wanalinda hekta 117 za mikoko na kuuza takriban tani 3,000 kwa mwaka. Si pesa za kutisha, lakini zimeleta maji ya bomba na vitabu shuleni, na matumizi huamuliwa na wanakijiji wenyewe. Mradi ni mdogo kiasi kwamba anayetaka kuukagua anaweza kuuzunguka kwa miguu maji yakipwa. Hata jina lake ni la Kiswahili, na mwenye kulisikia huelewa kinachofanyika.

Serikali nayo imejaribu kuweka utaratibu. Sheria ya mabadiliko ya tabianchi iliyofanyiwa marekebisho na kutiwa saini Septemba 2023, siku chache kabla ya Kongamano la Afrika kuhusu Tabianchi jijini Nairobi, inataka miradi ya ardhi iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato. Hiyo ni hatua. Lakini asilimia 40 ya tani hewa ni hewa pia. Isitoshe, hata mikoko ya Gazi inapohifadhi kaboni kwa uaminifu wote, anayenunua hati yake bado anaendelea kutoa moshi. Mikoko inastahili kulindwa na walinzi wake kulipwa. Kwa nini malipo hayo lazima yawe ruhusa ya mtu mwingine kuchafua?

Bara letu zima hutoa takriban asilimia 4 tu ya gesijoto za dunia. Walioijaza hewa kwa zaidi ya miaka 150 walikopa nafasi iliyokuwa ya watu wote, bila kuomba na bila kuandikiana. Huo ndio mkopo wa kaboni katika maana yake halisi ya Kiswahili. Mkopaji hayuko Isiolo.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa wahariri, watangazaji na wafasiri wenzangu ni hili. Tuache kusema “mikopo ya kaboni”. Tuseme hati za kaboni, kwa maana hati ni karatasi ya dai, na dai huombwa ushahidi. Tusiseme kampuni “imefidia” moshi wake. Tuseme imenunua hati, kisha tutaje ni ngapi na kutoka wapi. Na pale tani zinapogunduliwa kuwa hazipo, tuziite kwa jina linaloeleweka sokoni na barazani: tani hewa.

Jana jioni nilimtembelea mzee nikamweleza haya yote. Alinisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa. “Kumbe wale wafugaji hawadaiwi,” akasema. “Wanadai.” Nikamwambia ndivyo. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza: “Na huyo wanayemdai, amekubali kwamba anadaiwa?” Dawa ya deni ni kulipa, mzee wangu, lakini mgonjwa lazima kwanza akiri kuwa anaumwa.